Kimya cha Fundi Mizani

...eti hii ndiyo sauti yenyewe, haya mavi ya nzi yaliyotapakaa kwenye kioo cha kompyuta kutoka juu hadi chini, viboksi vitupu, alama za kuuliza zilizopinduka, herufi zenye kofia na herufi zenye ndevu, na mjukuu wake anayatazama bila kushtuka, kama mama anayechungulia nepi na kuona mtoto hana tatizo, anasema, "Ni yeye, Bibi, usihofu, ila seva imemtoa kama maandishi," naye Bibi akaichomoa miwani kifuani, akaivaa, akasogea mbele, na kiti kile cha magurudumu kikarudi nyuma, kiti gani hiki ambacho ukikikalia nacho kinataka kwenda zake, akashika ukingo wa meza akasoma, maana kusoma anajua, alimaliza darasa la saba na mwandiko wake uliwahi kubandikwa ukutani, akatafuta humo ndani neno moja tu la mtu mzima, akapata b, akapata u mbali huko chini, wala hazijuani, akavua miwani, mume aliyelala naye kitanda kimoja tangu wote wawili wana meno kamili leo anamsoma hivi, kama cheti cha daktari mwenye haraka. "Haiwezi kumsema?" akauliza. "Itamsema, ngoja nimpigie mwenye seva," na binti huyo akabana simu kati ya sikio na bega huku vidole vinaendelea kuandika, hawa watoto wana mikono mingapi, na chumba chenyewe baridi kama bucha, kiyoyozi kinampulizia kisogoni kana kwamba wamemleta kuhifadhiwa, rafu za mikanda ya zamani zimejaa mpaka darini, kila mkanda na karatasi yake mgongoni, taarabu, mpira, hotuba, hotuba, hotuba, watu wote hao wamesema wakanyamaza, na hakuna anayewadai neno, yeye tu ndiye amekuja kudai, tena hadai neno, maneno anayo, anadai kimya... "hapana kaka, hilo la kwanza achana nalo, lina mstari mmoja tu, hilo ni la kuelekeza, ninalotaka mimi ni la pili, ndiyo, iambie seva kwamba kila faili lenye mkia huo ni sauti, lisimwagwe kwenye kioo, impe msikilizaji na imwambie hii ni sauti," mkia, kumbe mafaili yana mikia kama panya, basi haishangazi yalivyojificha miaka yote hii, na hilo la kwanza lenye mstari mmoja analijua, analijua sana, hilo ndilo limemfanya aonekane mjinga mbele ya ukoo mzima. Maana mzee alipofariki mwanawe wa kwanza alisimama mbele ya watu na kidude kidogo cha kompyuta mkononi, akasema sauti ya baba iko humu, mahojiano yake yote ya redioni, kila mwenye kutaka alete chake agawiwe, na watu wakapanga foleni pale sebuleni, watoto, wapwa, mpaka jirani ambaye mzee alikuwa hamsalimii, kila mmoja akapewa sauti, ikaingia upesi hata mtu hajamaliza kupiga chafya, nao wakasifu, teknolojia hiyo, na yeye chake akakifunga kwenye kitambaa akakitia ndani ya kopo la vifungo kabatini, na kila alipohama chumba alihama nacho, mpaka juzi mjukuu huyu, aliyeajiriwa na redio kuvirudisha mtandaoni vipindi vya kale, alipokifungua akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, hii siyo sauti. Hii ni anwani. Faili hili linaiambia kompyuta nenda mahali fulani ukachukue sauti, basi. Mmegawana anwani ya nyumba mkadhani mmegawana nyumba." Na nyumba iko wapi? Nyumba iko redioni, kwenye kompyuta nzee iliyo jengo la nyuma, rangi ya meno ya mvuta sigara, inayonguruma chini ya meza, ambayo hakuna anayethubutu kuizima kwa sababu haijulikani kama itaamka, wala kuihamisha, wanavuta vitu vyake kwa waya taratibu kama wanaomnywesha mgonjwa uji... kwa hiyo miaka yote ile ukoo mzima umetunza njia ya kwenda kwa mzee, na mzee mwenyewe amekaa peke yake jengo la nyuma, chini ya meza, anasubiri mtu aje.

"Amesema dakika chache," binti akasema, simu bado begani, "yuko anahangaika nayo." "Ahangaike tu," Bibi akajibu, "mimi nimezoea," na ni kweli, kusubiri anajua, siku ile ya kipindi chenyewe walisubiri, walikaa nyumba nzima kuzunguka redio saa waliyoambiwa, wamekunywa chai, wamewanyamazisha watoto, kumbe kipindi kimebadilishwa saa kimepita asubuhi wakati wanafagia uwanja, wakasikiliza habari za bei ya mbolea mpaka mwisho wakidhani mzee atatokea humo, na mzee mwenyewe hata hakuudhika, alisema, "Nilichosema nakijua, wanaotaka kukisikia wahangaike wao," akabeba sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia akaenda sokoni, maana alikuwa fundi mizani, wa mwisho pale mjini, ndiyo sababu wakamwita redioni, kipindi cha watu wenye kazi zinazokwisha, na watu walimwita Robo Kilo, si kwa wembamba wake, ingawa alikuwa mwembamba, bali kwa sababu duka lolote aliloingia lilipungukiwa robo kilo na yeye alijua imejificha wapi, chini ya sahani, kwenye mnyororo, kwenye kidole cha muuzaji, alikuwa akiwafokea wauza sukari, "Unasoma nini? Mshale bado unacheza, subiri utulie ndiyo usome," na jioni alikuwa akiyapanga mawe yake kwenye gazeti, kubwa mpaka dogo kama familia inayopigwa picha, naye mkewe akiyasugua kwa majivu na kitambaa, wanaongea, wanawasengenya wauza sukari, huo ndio ulikuwa wakati wao... kisha mtangazaji mmoja akasema kipindi kimewekwa kwenye mtandao, mtu yeyote popote duniani anaweza kukisikiliza, basi yeye na wifi yake, dada mkubwa wa mzee, wakajifunga wakaenda mtaa wa madukani kwenye chumba cha kompyuta, pazia la shanga mlangoni, wanaume wamekaa migongo imepinda kama wanaotafuta sindano, wakapewa kompyuta ya pembeni na hedifoni moja, wakagawana, sikio moja lake, sikio moja la wifi, vichwa vimegusana kama mbuzi wanaotaka kupigana, na sauti ikaja, nyembamba, ya majimaji, kama mtu anayeongea akiwa na mdomo ndani ya bilauri, lakini ni yeye, anaeleza habari za mawe na shaba na kutu, wifi anamfinya paja kwa furaha, mtangazaji wa kike anayemhoji anacheka kila baada ya sentensi kama amelipwa kwa kicheko, halafu likaja lile swali. "Mzee, ukirudishiwa ujana leo, mama wa nyumbani ungemwoa tena?" Na mzee akasema, "Nani, yule?" Na akanyamaza. Akanyamaza. Mtu alikuja akaulizia bei ya kuchapa barua, akajibiwa, akaondoka, mzee bado amenyamaza, shanga za pazia zikatulia, mzee amenyamaza, na wifi akageuka, pua kwa pua, meno yote nje, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wifi yangu pole, kaka anakutafutia jiwe lako." Chumba kizima kikacheka, migongo ile yote iliyopinda ikanyooka kucheka. Ndipo mzee akasema, "Ningemwoa tu." Tu. Maneno hayo hayabishaniwi, wote wawili waliyasikia hivyo hivyo, kila mmoja kwa sikio lake, ningemwoa tu, kama mtu anayechukua nyanya zilizobaki kwa sababu jioni imeingia na soko linafungwa.

Na hakumwuliza. Alirudi nyumbani, akapika, akamwekea, mzee akauliza, "Enhe, mmenisikia?" akamjibu, "Tumekusikia," basi, na tangu siku ile chakula kilikwenda kwa wakati, mashati yalipigwa pasi, maji ya kuoga yalikuwa ya moto, hakuna mwanamume wala mahakama ambayo ingepata pa kumshika, ila mawe hakuyasugua tena, alisema mgongo unamsumbua, mzee akasugua mwenyewe, gazeti limetandikwa, yeye yuko jikoni anasikia shaba inavyolia juu ya shaba, na mara moja tu mzee aliita kutoka kule, "Mbona siku hizi unanijibu kama karani wa posta?" naye akajibu, "Posta imefungwa," na mzee akacheka, mpumbavu yule, alidhani ni mzaha... na wifi hakukiacha kile kimya kife, wifi ana kipaji, kila harusi, kila msiba, kila mtoto akitolewa nje, wifi husimama akaigiza, "Nani, yule?" halafu ananyamaza, anaangalia dari, anajikuna kidevu, anapanga mawe hewani moja moja, chai za watu zinapoa, halafu, "Ningemwoa tu," na watu wanaangua kicheko, na yeye pia anacheka, afanyeje, ukinuna kwenye kicheko chako mwenyewe ndiyo umeisha, amecheka hivyo miaka yote mpaka misuli ya kicheko hicho anaijua, ipo hapa shavuni, inavuta kama uzi. Mpaka Jumapili hii iliyopita, wifi amekwisha igiza, wageni wametoka, mjukuu anaosha vyombo yeye anafuta, binti akasema, bila hata kugeuka, povu mpaka kwenye viwiko, "Lakini Bibi, Bibi Mkubwa huyo ana uhakika gani kama kile kimya ni cha babu?" Cha nani sasa, cha jirani? "Yale mafaili ya zamani hayakuwa yanakuja yote kwa pamoja, yalikuwa yanakuja kwa kudondoka, kama maji ya mgao, kompyuta inakinga kwenye ndoo kwanza halafu inamimina, inakinga na kumimina, sasa waya ukiwa mwembamba ndoo inakauka, ikikauka sauti inasimama, hairuki neno hata moja, inasimama kimya mpaka ndoo ijae, halafu inaendelea palepale ilipoachia. Na vile vyumba vya kompyuta vya zamani, watu kumi waya mmoja, mbona ilikuwa inasimama kila mara." Akasuuza sufuria, akaitundika. Na yeye akabaki na sahani ileile mkononi, akaifuta, akaifuta, mpaka binti akasema, "Bibi, imekauka hiyo," na usiku ule alilala macho wazi anasikia bomba la uani likidondoka, huyu naye anakinga ndoo ya nani.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa, ni mkuu wa kitengo, bwana mwenye tai fupi na mkono tayari kwenye salamu, "Shikamoo mama, umekuja kutukagua," "Marahaba, nimekuja kuchukua mume wangu," akacheka, wanaume wa ofisini hucheka wasipojua la kusema, akainama juu ya bega la binti, akakohoa juu ya kikombe chake, akatazama yale mavi ya nzi, "Mbona mnapata tabu, lipitishe kwenye mashine ya kubadilishia kama mengine, litoke la kusikika kwenye simu, kazi imeisha." "Nitalipitisha baadaye, bosi, kwanza asikie lilivyo." "Lilivyo lina nini? Ile inalisafisha, inatoa makelele, inakata vimya vyote vilivyozidi, linatoka safi kabisa." Vimya vilivyozidi... Bibi akajikuta amekishika kile kiti kama kinateremka mlima, wao wana mashine inayojua kimya kipi kimezidi, na ni nani aliyeifundisha, na wakishakikata wanakitupa wapi. "Sitaki safi," akasema. "Nyoosheni huko mengine, wangu nipeni na vumbi lake." Bwana tai akamtazama binti, binti akatazama vidole vyake, na bwana akasema haya mama, haya, akarudi nyuma kwa adabu akaufunga mlango polepole kama anatoka chumba cha mgonjwa. "Bibi na wewe, yule ndiye anayenilipa." "Anakulipa na kukohoa ndani ya kikombe chako, nimemwona," na binti akaficha kicheko kwenye simu, "halo... ndiyo kaka... tayari? nijaribu sasa?" akagusa, na yale maandishi yakaondoka, yakafagiliwa yote kwa mara moja, na mahali pake pakaja kidirisha cheusi kidogo, kitupu, na katikati kiduara cheupe kinazunguka. "Imekubali," binti akanong'ona, mtu mzima na shahada yake ananong'ona, "imemtambua kuwa ni sauti," akamgeuzia hedifoni, akaipanua, akamwuliza, "Tugawane?" Akamtazama binti, lile sikio dogo limetogwa matundu mengi, sikio zuri, sikio la babu yake hasa, akasema, "Hapana. Leo yote mawili ni yangu."

Na ulimwengu ukafungwa, kiyoyozi kikafa, ngurumo za kompyuta zikafa, akabaki na mdomo wa binti unaosema kitu, unasema nitakusogezea mpaka karibu na swali, alisoma midomo, au alikisia, na akawaza, sasa basi, ikiwa kimya hakimo, ikiwa mzee alijibu papo kwa papo kama alivyokuwa akijibu kila kitu, na mtu yule hakuwa wa kunyamaza, alimkatiza mpaka hakimu, alimjibu muuza sukari kabla hajaulizwa, sasa kama alisema nani-yule-ningemwoa-tu, haraka, mdomo mmoja, basi huo ulikuwa mzaha wa mtu na mkewe, na kipande kizima cha maisha yao amekiua kwa sababu ya waya mwembamba na watu kumi, lakini kikiwemo, kikiwemo kizima kama alivyokisikia, basi alikuwa na haki, na haki hiyo ataipeleka wapi, ataipakaza nini, alikuja hapa hajui aombe kipi, kuwa na haki au kuwa mjinga, na tumbo linamwambia ujinga ni mtamu zaidi lakini bei yake... mlio mdogo, kama mtu amechana karatasi, halafu ile sauti ya majimaji, sauti ya yule msichana wa vicheko, naye sasa lazima ni bibi na magoti yanamuuma, karibu mno, ndani kabisa ya fuvu, masikio yote mawili, "...ukirudishiwa ujana leo, mama wa nyumbani ungemwoa tena?" na ikasimama. Pale pale. Hata nani-yule haikufika. Alitazama kioo, kiduara kinazunguka, alimtazama binti, binti amekunja uso ameinua viganja, ndoo imekauka, inakinga, na swali limebaki ndani ya kichwa chake halina pa kwenda, ungemwoa tena, yeye wangemwambia ungeolewa naye tena, ila hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, walikuja na gari la redio mpaka mlangoni wakampita na beseni lake la nguo, shikamoo mama, mzee yupo, wakamwuliza mzee mambo ya shaba na mambo ya mke, na mke akawapikia chai, wala hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza, mtu hajiulizi, anaamka tu anawasha moto, lakini sasa limeulizwa na masikio yamezibwa na hakuna mwingine humu ndani, akirudishiwa ujana leo, yule... "Nani, yule?" akasikia mdomo wake umesema, kwa sauti, na binti akageuka, midomo ikauliza umesemaje Bibi, naye akainua mkono, ngoja, maana jibu lilikuwa linakuja, alilijua ni jibu gani, halikuwa baya, lakini mbele yake kulikuwa na watu kwanza, kulikuwa na kijana aliyekuja kuchumbia na sanduku la mawe kwa sababu alitokea kazini, kulikuwa na mkono wake mgumu akipima homa kwenye paji la mtoto na kutaja digrii kama mwenye kipimo, kulikuwa na ule mwaka aliomtukana mama mkwe wake, hilo bado hajamsamehe, kulikuwa na miguu yake ya baridi, na alivyokuwa akikoroma kwa kupumzika kati, na kugombana kwao juu ya mlango upakwe rangi gani, na shaba ikilia juu ya shaba kule sebuleni akiwa peke yake, na karani wa posta, na kile kicheko chake, wote wanapita mmoja mmoja hawataki kusukumwa, na jibu liko nyuma yao limesimama kwenye foleni, dogo, la maneno mawili, halina haraka, na binti bado anangoja, midomo inauliza tena, Bibi?, na mkono wake bado uko juu, haujashuka, ngoja, ngoja kwanza, na kwenye kioo kiduara kinazunguka.